Binti yangu wa darasa la nne anafunga Kwaresima: nimwache au nimkataze?

Swali

"Shikamoo Mwalimu. Naishi Pasua, Moshi. Binti yangu ana miaka tisa, yuko darasa la nne katika shule ya msingi ya Kanisa Katoliki. Tangu Jumatano ya Majivu hanywi chai asubuhi, anasema amefunga. Jumatatu iliyopita alianguka mstarini, mwalimu wa zamu akanipigia simu nikamchukue. Nilipombana akakiri kwamba hata uji wa saa nne huwa anampa mwenzake. Anayekaa naye dawati moja ni Mwislamu, na yeye amefunga Ramadhani. Ijumaa wanafanya Njia ya Msalaba, anarudi magoti yamechubuka. Halafu kila siku anadai mia tano ya kibubu cha darasa. Baba yake ni Mkatoliki, yuko Dar es Salaam kikazi. Mimi ni Mlutheri. Ndoa tulifungia kwao lakini sijahama kanisa. Naogopa nikimkataza ataona mama yake anapinga dini. Mtoto wa umri huu anatakiwa kufunga kweli? Na nikienda shuleni nikaseme nini?"

Jibu

Marahaba, mama, na pole sana. Hiyo simu ya mwalimu wa zamu naijua kwa upande wa pili, maana nimeipiga mara nyingi, na najua mzazi anavyonyamaza kidogo kabla hajauliza "amefanyaje?"

Kwanza mpeleke zahanati akapimwe malaria na wingi wa damu, kama hujafanya hivyo. Si kila mtoto anayeanguka mstarini ameangushwa na mfungo, na nimeshaona watu wakihangaika na mambo ya dini wiki nzima kumbe mtoto ana homa.

Sasa swali lako. Hapana, hatakiwi. Mtoto wa miaka tisa Kanisa halimdai kufunga chakula, na shule haiwezi kumdai kile ambacho Kanisa halimdai. Kesho anywe chai, ale na mkate. Lakini ukimwambia hivyo tu atakujibu kwamba mwalimu amesema, kwa hiyo nikupe na maelezo.

Sheria za Kanisa zinazotumika leo ni za mwaka 1983, na habari ya toba na mfungo iko katika kanuni ya 1249 hadi 1253. Kuacha nyama kunamhusu aliyetimiza miaka 14. Kufunga kunamhusu aliyetimiza 18, mpaka atakapotimiza 59. Siku za kufunga kwa lazima, mwaka mzima, ni mbili: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Na kufunga kwenyewe, kwa utaratibu aliouweka Papa Paulo VI mwaka 1966, maana yake ni mlo mmoja wa kushiba, na ruhusa ya kula kidogo asubuhi na jioni. Yaani mtu mzima mwenye afya, siku ya Ijumaa Kuu, anaweza kunywa chai yake asubuhi na bado akawa amefunga. Maji hayakukatazwa kabisa.

Tupige hesabu ya binti yako. Tuseme amekula chakula cha jioni saa mbili usiku. Asubuhi hakuna chai. Saa nne uji umekwenda kwa mwenzake. Makande ya shule ni saa saba mchana. Hizo ni saa 17 tumbo tupu, siku tano kwa wiki, na katikati yake kuna safari ya shule, kusimama mstarini kwenye hili jua la Moshi ambalo kabla ya masika halina huruma, na vipindi vinne vya kuandika. Mimi sijakutana na paroko anayefunga hivyo.

Kwenye hiyo kanuni ya 1252 kuna sehemu ambayo watu hawaifikii, wakishasoma umri wanafunga kitabu. Inasema wachungaji na wazazi wahakikishe kwamba hata wale ambao umri wao bado haujafika wanafundishwa maana ya kweli ya toba. Ukiisoma vizuri utaona kwamba kwa habari ya mtoto wako, aliyepewa kazi na sheria ni baba yake na wachungaji, na sisi walimu wa dini nyuma yao. Mtoto mwenyewe hajapewa.

Sasa tujiulize ameyatoa wapi. Sidhani kama kuna mwalimu aliyewaambia waache uji. Mara nyingi linaanza na mambo madogo yanayokutana. Mwaka huu wa 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 18 Februari, na mwezi wa Ramadhani ukaandama juma lilelile. Watoto wawili wa dawati moja, mmoja anasema "mimi hata maji sinywi", mwingine ametoka kunywa chai na maandazi mawili. Wewe ungejisikiaje? Lakini zungumza na mama wa huyo rafiki. Waislamu nao hawamlazimishi mtoto ambaye hajabaleghe. Nyumba nyingi humzoesha pole pole, leo nusu siku, kesho apumzike. Inawezekana kabisa kwamba huyo anayejisifu kwa wenzake, mama yake humfungulisha adhuhuri.

Chanzo kingine ni hadithi za watakatifu, na hapa tunaojiita wataalamu hatuwezi kukwepa. Hadithi ya watoto wa Fatima, Ureno, inasimuliwa sana kwenye vipindi vya dini na kwenye makundi ya Utoto Mtakatifu, shirika la watoto Wakatoliki. Mwaka 1917, waliposema wametokewa na Bikira Maria, Lucia alikuwa na miaka 10, Francisco 9, Jacinta 7. Papa Fransisko aliwatangaza Francisco na Jacinta kuwa watakatifu tarehe 13 Mei 2017. Watoto hao walikuwa wanatoa chakula chao cha mchana kwa watoto maskini, wanavumilia kiu juani, na wakajifunga kamba kiunoni ili iwaume. Binti yako ana miaka ileile ya Francisco. Amesikia kwamba mwenzake aligawa chakula, na yeye akagawa uji. Kwa akili ya darasa la nne hajakosea popote.

Ila hadithi hiyo ina kipande ambacho wasimuliaji wanakiruka. Lucia alieleza kwamba katika tokeo la Septemba mwaka huohuo waliambiwa Mungu amependezwa na sadaka zao, lakini hataki walale na ile kamba. Waivae mchana tu. Mtoto aliyeambiwa habari za kamba aambiwe na habari ya kuivua. Msimulie hicho kipande jioni, taratibu, bila kumgombeza. Usimwambie kwamba amefanya ujinga, kwa sababu hajafanya.

Chanzo cha tatu ni sifa, na hapa nakiri kosa langu. Nimefundisha dini shule za msingi zaidi ya miaka ishirini. Kwaresima moja, katika shule ambayo sitaitaja, nilibandika ukutani karatasi ya manila yenye majina ya darasa zima na siku zote arobaini. Aliyejinyima kitu siku hiyo anachora nyota. Nilijiona mbunifu kweli. Wiki ya pili nyota zilikuwa zimejaa mpaka nikaanza kuwaonyesha wageni. Wiki ya tatu, saa nne, nilizunguka nyuma ya jiko la shule nikamkuta mvulana aliyekuwa anaongoza kwa nyota amejibanza ukutani na andazi. Aliponiona alilimeza lote bila kutafuna, macho yakamtoka machozi, halafu akasema: "Mwalimu, naomba nisifutiwe nyota."

Niliibandua ile karatasi mchana uleule. Gundi ikaondoka na rangi ya ukuta, na kile kiraka kilibaki pale mpaka nilipohamishwa. Na Injili ya Jumatano ya Majivu, tuliyokuwa tumewasomea watoto asubuhi kabla ya kuwapaka majivu, ni Mathayo sura ya 6: ukifunga, nawa uso, jipake mafuta, watu wasijue. Nimewasomea asubuhi wasionekane, mchana nimewachorea jedwali la kuonekana.

Tangu hapo nilibadilisha. Kila mtoto aliandika kwenye kipande cha karatasi jambo moja atakaloacha au atakalofanya, akakikunja, akakitia kwenye bahasha na kuifunga mwenyewe. Mimi nilizitunza tu, Pasaka nikawarudishia. Sikuzifungua. Mpaka leo sijui waliandika nini, isipokuwa msichana mmoja aliyenyoosha mkono akauliza kama "kusamehe" ina h.

Kwa hiyo mwenye miaka tisa afanye nini? Achague mwenyewe kitu kidogo ambacho kitamgharimu kila siku lakini hakitamuumiza, na ambacho hata asipokitangaza kitafanyika. Chai bila sukari ni nzuri kuliko kukosa chai. Aache ubuyu na askrimu za getini. Mdogo wake akae dirishani kwenye hiace bila ugomvi. Akiitwa kuosha vyombo aende kwa wito wa kwanza. Hili nakuahidi ni gumu kuliko kulala njaa. Na siku za Dominika, yaani Jumapili, apumzike. Ukihesabu kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46. Toa Dominika sita ndipo unapata arobaini. Dominika anywe chai na sukari yake yote.

Kuhusu nyama ya Ijumaa usijisumbue. Katika shule zinazopika makande na ugali wa maharage wiki nzima, Ijumaa isiyo na nyama haina tofauti yoyote na Alhamisi. Nimeona nyumba ambazo Ijumaa ya Kwaresima ndiyo siku ya kula vizuri kuliko zote, perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu wamekaangwa wamekauka, na kachumbari pembeni. Hiyo nayo wanaita kujinyima.

Njia ya Msalaba. Mwache ashiriki, na ukipata nafasi Ijumaa moja nenda ukasimame nyuma uone. Katika shule zetu za huku vituo mara nyingi hupigiliwa kwenye miti ya mgrivea kuzunguka uwanja, watoto wanatembea na msalaba wa mirunda uliofungwa kwa kamba ya katani, wanapokezana kuubeba. Kwenye kila kituo kiongozi anasema "Ee Yesu, tunakuabudu, tunakushukuru", wote wanapiga magoti kwenye kokoto, wanaitikia. Mara 14. Angalia wale wa darasa la saba: wanavua sweta, wanazikunja, wanapigia magoti juu yake. Huo ujuzi wa wakubwa haujamfikia wako. Mfundishe leo, na kama magoti bado hayajapona, asimame tu. Ile ni ibada ya heshima. Haina masharti kama ya Misa, na idadi yenyewe ya vituo 14 iliwekwa na Papa Klementi XII mwaka 1731. Kwa watoto wadogo vituo sita au saba vilivyosomwa na wao wenyewe kwa sauti vinatosha, na ningependa walimu wajisikie huru kufupisha. Neno moja la pembeni: zipo shule zinazowaonyesha watoto filamu ya mateso ya Yesu siku za mwisho za Kwaresima. Darasa la nne bado. Ukisikia imepangwa, omba asiwepo, na usione haya.

Kibubu sasa, na hapa nina maneno. Mia tano kwa siku ni elfu mbili mia tano kwa wiki. Kwa majuma sita ni elfu kumi na tano. Kwa nyumba nyingine hiyo si kitu, kwa nyumba nyingine ni unga. Lakini kinachonisumbua zaidi ni kwamba pesa hiyo haitoki kwa mtoto. Sadaka ya Kwaresima chimbuko lake ni kile ulichojinyima: hukula, ukaweka pembeni, akapewa asiye nacho. Mtoto anayekuomba mia tano asubuhi na kuitumbukiza kibubuni saa mbili amefanya kazi ya mjumbe, na sadaka ni yako.

Lile shirika la Utoto Mtakatifu lilianzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa. Alichowaomba watoto ni Salamu Maria moja kwa siku na sarafu ndogo moja kwa mwezi. Kwa mwezi, mama. Aliyefanya iwe kila siku, tena kwa kutangaza mstarini darasa linaloongoza, hakupata wazo hilo kwa mwanzilishi. Wala hakulipata kwa yule mjane wa senti mbili ambaye watoto wanamwigiza kila mwaka.

Ningekuwa wewe, ningemwambia hivi: "Hela ya kibubu siwezi kukupa kila siku. Lakini ile mia mbili ya ubuyu ninayokupa Jumatano na Ijumaa ni yako. Ukiamua usile ubuyu, itie kibubuni." Hapo ataanza kujua sadaka inaumia wapi. Na siku ambayo huna kabisa, mpe yai, au chane ya ndizi. Watu wa Kilimanjaro tumezoea kuona mkungu wa ndizi ukipanda altareni kwenye matoleo. Sioni kwa nini shule ikatae chane moja ya kupeleka kwa wazee au yatima.

Hofu yako ya kuonekana unapinga dini naielewa, ila nadhani unajipunja. Na ninyi Walutheri wa KKKT mnayo Kwaresima kwenye kalenda yenu, na rangi ni hiyohiyo ya zambarau. Mathayo 6 iko kwenye Biblia yako vilevile. Keti naye Jumamosi, msome pamoja mstari wa 16 hadi wa 18, umuulize: hapa mtu anaambiwa afanye nini na uso wake? Mwache ajibu. Muulize pia ameona nini kimebadilika kanisani kwao. Watoto wanaona mambo ambayo sisi tumeyazoea: Aleluya haiimbwi, maua hayapo altareni, kayamba za kwaya ya watoto zimefungiwa kabatini. Mimi nimejifunza Kwaresima kwa maswali yao kuliko kwa vitabu. Mwaka ujao ukipenda kwenda naye kupakwa majivu, nenda. Majivu si sakramenti, na hayamkatai mtu. Komunyo ndiyo yenye utaratibu wake, na hilo najua unalijua.

Kwenda shuleni, nenda, lakini anza na mwalimu wa darasa. Kwa paroko usikimbilie, na kundi la wazazi kwenye simu ndiyo kabisa usiliguse, maana ukiandika pale usiku mmoja, asubuhi mtoto wako anaitwa "yule aliyezimia". Usifungue mazungumzo kwa kusema shule inamshindisha mtoto na njaa. Mwalimu atajitetea, na mtaishia hapo. Mwambie tu ulichokiona: hanywi chai, anagawa uji, alianguka Jumatatu. Halafu omba mambo mawili. La kwanza, anayegawa uji amwangalie mpaka anywe, kimya kimya, bila kumtaja mbele ya wenzake. La pili, mwalimu wa dini au sista anayewafundisha aliambie darasa zima, kwa kinywa chake, kwamba watoto hawafungi chakula. Hilo la pili ndilo kubwa. Ukisema wewe, itakuwa mama amekataza. Akisema sista, itakuwa Kanisa limesema, na hapo binti yako atakula bila kujiona amemwangusha Mungu. Habari ya kibubu iache kwa kikao cha wazazi, hapo utakuta si wewe peke yako.

Ijumaa Kuu, tarehe 3 Aprili, atataka kufunga tena kwa sababu nyumba nzima ya babu yake itakuwa imefunga. Mpe uji asubuhi, mchana ale kidogo, aende ibada ya saa tisa akiwa na nguvu za kusimama, kwa sababu Mateso kwa Yohane ni somo refu na wote wanasikiliza wima.

Na baba yake akipiga simu kutoka Dar, mpe pole ya kazi, kisha mkumbushe kitu kimoja. Wewe ni Mlutheri, sheria hii ya Roma haikuhusu. Binti bado miaka tisa kabla haijamfikia. Katika nyumba yenu anayetakiwa kufunga siku hiyo ni yeye baba peke yake.